Mkono wa Kuonyesha Wageni

Kampasi yetu ya Garsen ilikuwa na roboti moja, na mimi niliyeajiriwa kufundisha somo la roboti niliruhusiwa kuiona siku ilipofunguliwa tu. Ilikuwa ni mkono. Mkono mweupe wenye bega, kiwiko, kifundo na vidole vitatu, uliotoka ng'ambo ndani ya sanduku la mbao. Mkurugenzi wa kampasi alipigwa picha akiushika kiganja kama anayesalimiana na balozi. Kisha akaamuru urudishiwe nailoni yake, ufunikwe kitambaa cha kufuma alichokileta kutoka nyumbani, kile cha kuwekwa juu ya makochi, na ufungiwe stoo. Ufunguo aliutia kwenye kishada cha funguo za gari lake.

"Mwalimu," aliniambia, "hiki kitu ni cha wakaguzi. Wakija wakikute kipya."

Nilidhani anatania. Nilikuwa mgeni kazini, ingawa si mgeni wa sehemu ile. Mimi ni mtu wa Kipini, nimezaliwa pale mto Tana unapoingia baharini, na nilikwenda mbali kusoma mitambo nikiamini kwamba nikirudi nitaifundisha. Sikujua kwamba nimerudi kulinda kitambaa cha kochi.

Wakaguzi wenyewe walikuwa watu wa Nairobi wanaozunguka vyuoni kuangalia kama kozi inastahili kibali. Bila kibali chao, digrii ya kozi hiyo haitambuliki popote. Unaweza kuifungia maandazi. Chuo chochote chenye akili kingetafuta kibali kwanza, halafu kiite wanafunzi. Sisi tuliita wanafunzi kwanza. Darasa la kwanza kabisa la roboti lilikuwa limeshafika mwaka wa nne, linakaribia kumaliza, na kibali kilikuwa bado ni hadithi ambayo mkurugenzi aliisimulia kila alipopewa kipaza sauti.

Aliyenitangulia kazini aliwafundisha roboti vijana wale kwa miaka yote hiyo bila kushika hata bisibisi. Aliwasomea, wakaandika. Maswali yake ya mtihani yalikuwa ya kutaja: taja faida za roboti, taja hasara za roboti. Niliyakuta mafaili yake na nikayasoma yote, kwa sababu nilitaka kujua mtu anaweza kujaza mihula mingapi kwa faida na hasara. Alipandishwa cheo, akahamishiwa makao makuu. Nasikia huko anasimamia ubora wa elimu.

Mkurugenzi, nilipomsumbua sana, alifanya huruma yake. Alikubali wanafunzi wauone mkono dirishani, kila Ijumaa mchana, bila kuingia. Basi wakawa wanapanga mstari nje ya stoo, wanapita mmoja mmoja mbele ya dirisha lenye wavu, wanatazama ndani kidogo, wanatoka upande wa pili na nyuso zimewashuka. Nilisimama pale na chaki mfukoni nikiona haya kwa niaba ya kazi yangu.

"Mwalimu," mmoja aliniuliza alipotoka dirishani, "hii tunasoma ama tunaaga maiti?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa Wenje, binti wa wakulima wa mpunga na ndizi, mdogo wa umbo, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, na si kwa kukariri. Kampuni moja ya Mombasa ilikuwa imeahidi kumwajiri fundi wa mitambo ya kiwandani mara tu atakapomaliza, kwa sharti moja, kwamba digrii yake iwe inatambulika. Kwa hiyo kila mkurugenzi aliposema kibali kiko njiani, yeye alimtazama vile mtu anavyomtazama konda aliyeshika chenji yake.

Niliacha kuomba ufunguo. Niliwaambia darasa kwamba kama chuo hakitaki waguse mkono, watatengeneza wao. Garsen pale njia panda kuna magereji, na nyuma ya magereji kuna magari yaliyokufa, na kila gari lililokufa lina mota ya waipa, ile ya kufuta mvua kwenye kioo, ambayo bado iko hai. Mota ya waipa ni kitu chenye nguvu na subira. Tukazikusanya. Mifupa ya mkono ikawa mbao za masanduku, viungo vikawa cheni za baiskeli. Kijana mmoja wa Chara akaja na mshipi, ule uzi mgumu wa kuvulia samaki, tukaupitisha kwenye vidole ili uvutwe kama mishipa ya mkono wa binadamu. Yule msichana aliandika programu kwenye kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka. Wenzake walichora, wakakata, wakaunguza nyaya, wakagombana, wakaanza upya. Mkono ulikuwa mbaya kuutazama kuliko kitu chochote nilichowahi kushiriki kukitengeneza, na niliupenda.

Mtihani tuliojiwekea ulikuwa yai. Mkono uchukue yai bichi mezani, ulipeleke hadi kwenye bakuli, uliweke zima. Kushika kitu kigumu ni rahisi, lakini yai linakuuliza kama unajua unachokifanya. Tulivunja mayai mengi sana. Yaliyovunjika kwenye bakuli tuliyakaanga kwenye jiko la stovu nyuma ya darasa, na yaliyovunjika mezani tukayafuta, na kwa muda mrefu nguo zangu zilinuka mayai hata baada ya kufuliwa. Kisha asubuhi moja yai lilikwenda, likafika, likatua, likabaki zima. Hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Wote walikuwa wanaliangalia bakuli. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopewa digrii yangu mwenyewe.

Mkurugenzi alipita mlangoni wiki hiyohiyo, akaona, akasimama.

"Hizi takataka," alisema, "zitolewe kabla wageni hawajaja."

Hakuuliza ni nini. Yai lilikuwa kwenye vidole vya mbao mbele ya macho yake, likisafiri, naye akaona takataka.

Wageni wakatangazwa. Chuo kizima kikashikwa na homa ya rangi: mawe ya njiani yakapakwa chokaa, vigogo vya miti vikapakwa chokaa, na nadhani ng'ombe wa wafugaji Waorma waliokuwa wakikatiza uwanja wetu walinusurika kwa sababu hawakusimama. Ndipo mkurugenzi akafungua stoo. Aliingia nami na wanafunzi watatu wa kubeba, msichana wa Wenje akiwa mmoja wao. Akaondoa kitambaa kwa heshima, akaondoa nailoni kwa heshima zaidi.

Nyigu walikuwa wamejenga. Mtu yeyote aliyelala hata usiku mmoja katika nyumba za Tana anawajua wale nyigu weusi, wembamba wa kiuno, wanaobeba udongo wa matope ya mto na kuziba kila tundu wanaloliona: tundu la kufuli, mdomo wa bomba, hata kalamu iliyoachwa wazi. Walikuwa wamepita kwenye wavu wa dirisha, wakaingia chini ya nailoni, wakauona mkono mweupe uliojaa matundu ambao hakuna mtu anayeutikisa. Bega, kiwiko, kifundo na maungio ya vidole vilikuwa vimejaa udongo mkavu, mgumu kama kigae. Tuliuchomeka umeme. Ukaguna, ukatoa harufu ya kuungua, ukanyamaza.

Roboti ni kitu cha kutumiwa. Mkurugenzi angeuacha darasani ukasukwasukwa na vijana kila siku, nyigu wasingepata nafasi ya kutua. Aliutunza mpaka ukafa, na bado hakuelewa. Aliwalaumu nyigu. Halafu akawalaumu watu wa Garsen kwa kuwa na nyigu.

"Kwetu hakuna wadudu wa namna hii," alisema, kana kwamba tumewafuga.

Nikamwambia jambo ni jepesi. Tuwaonyeshe wakaguzi mkono wa wanafunzi. Unafanya kazi, na wao ndio walioutengeneza, na hilo ndilo somo lenyewe.

"Mwalimu, unataka wajue chuo chetu kinaendeshwa na waipa?" Akaukazia macho mkono mweupe, akifikiri, nami nikamwona wazo likimjia. Sikulipenda hata kabla sijalisikia. "Meza ifunikwe kitambaa kirefu mpaka chini. Itobolewe tundu. Mtu akae chini ya meza avute kamba, mkono usogee. Tena namtaka yule mwanafunzi wenu mdogomdogo. Yule msichana. Atatosha vizuri."

Msichana alikuwa amesimama karibu naye kiasi kwamba angeweza kumgusa bega. Mkurugenzi alisema maneno yale akiangalia juu ya kichwa chake. Alikuwa amelisikia umbo lake kutoka kwa mtu mwingine, na uso wake hakuwahi kuutazama, katika miaka yote minne. Nilimdharau mtu yule kwa mambo mengi, lakini hili lilizidi yote.

Tulipotoka nilikuwa na hasira. Nilimwambia msichana sitamruhusu kuingia chini ya meza, na kama ni lazima nitajiuzulu. Akasema, "Ukijiuzulu, Mwalimu, kibali kitakuja?" Akaendelea, "Yeye anataka kitu chini ya meza. Sawa. Tutamwekea kitu. Lakini mtu hataingia huko."

Nilimwelewa, na wenzake wakaelewa upesi kuliko mimi. Wakaufungua mkono wa mbao. Iliniuma kuuona ukitolewa mota mojamoja, lakini wao walifanya bila masikitiko. Mkono mweupe wakaukwangua udongo kwa spoki za baiskeli, wakang'oa mota zake zilizoungua, wakapitisha mshipi ndani yake kutoka vidoleni hadi begani, na kutoka begani kupitia tundu la meza hadi chini, ambako mota zetu za waipa zilikuwa zimefungwa kwenye ubao, na cheni zao, na betri ya pikipiki, na kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Kwa nje ulikuwa mkono wa ng'ambo. Kila kilichousogeza kilikuwa kimetoka nyuma ya gereji.

Mkurugenzi alikuja mara moja tu, akakuta kitambaa kimeshuka hadi sakafuni, akatabasamu. "Ameingia?" akaniuliza. Nikamwambia kila kitu kiko mahali pake.

Wakaguzi walifika adhuhuri na kitu cha kwanza walichokikagua kilikuwa chakula. Pilau, mbuzi, samaki wa mtoni, ndizi, maji ya chupa. Walikikagua kwa umakini ambao sikuuona tena siku ile. Mwenyekiti wao, mzee mnene mwenye koti zito lisilofaa kwa joto letu, alipoingia maabara yetu alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, na hakukitoa.

Mkurugenzi akahutubia. Alisema mkono ule unatumiwa na wanafunzi kila siku ya Mungu, kwamba wanaujua kama wanavyoijua mikono yao. Nyuma yake walisimama wanafunzi wa mwaka wa nne katika makoti meupe ya kuazima, na katikati yao, mbele kabisa kwa sababu ya ufupi wake, alisimama msichana wa Wenje. Mkurugenzi alimpita akihutubia, karibu amkanyage. Hakumtambua. Akaipiga meza kidogo kwa kidole, ishara yake kwa mtu aliyeamini yuko chini.

Msichana akabonyeza swichi mfukoni mwake. Mkono mweupe ukainuka. Ukaenda kwenye yai, ukafungua vidole, ukafumba, ukalibeba taratibu, ukaliweka zima kwenye bakuli. Wakaguzi wakapiga makofi.

Lakini mota ya waipa haijui kunong'ona. Chini ya kitambaa kulikuwa na mngurumo, ule unaousikia kwenye gari wakati mvua imekatika na dereva kasahau kuzima. Mwenyekiti akainamisha kichwa.

"Huku chini kuna nini?"

Akainama kushika kitambaa. Hapo mkurugenzi akaruka. Sijawahi kumwona mtu wa tumbo lile akiruka hivyo. Alisimama kati ya mwenyekiti na meza, mikono ameitanua, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo: kwamba wasimwelewe vibaya, kwamba ni mtoto tu, alijitolea mwenyewe, hakulazimishwa, kwamba mkono umeharibiwa na nyigu, kwamba mwalimu wa somo ndiye aliyeshauri. Alikuwa hajaulizwa chochote kati ya hayo. Mwenyekiti akamsogeza pembeni na kuinua kitambaa.

Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na ubao, mota, cheni zenye grisi, betri, na taa ndogo ya kijani ya kompyuta ikimeta. Mkurugenzi aliinama akatazama, akatazama tena kule mwisho wa meza, kama mtu anayetafuta kiatu chake.

"Mtoto yuko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi," akasema msichana.

Akatoka mstarini. Nilijua kinachokuja na nikatamani kumzuia, kwa sababu nilijua pia kinachoweza kupotea: digrii yake, kazi ya Mombasa, na digrii za wote waliosimama nyuma yake. Wao wenyewe walijua. Mmoja alimshika mkono wa koti, akauachia.

Alisema kwa sauti yake nzito, Kiswahili chake cha Wenje, bila haraka. "Mheshimiwa, mimi ndiyo niliambiwa nikae hapo chini nivute kamba. Sikukaa. Hii mkono nyeupe ilikuwa imekufa. Ilifungiwa stoo tangu ije, na sisi hatujawahi kuigusa hata siku moja, tuliiona dirishani tu. Siku ya kwanza kuigusa ni siku ya kutoa udongo wa nyigu. Hii iko chini ndiyo yetu. Tulitengeneza sisi, kwa mota za waipa, na ndiyo imebeba yai. Kama mnatoa kibali kwa sababu ya ile ya juu, msitoe. Kama ni kwa hii ya chini, angalieni vizuri kwanza."

Mkurugenzi alikuwa amekauka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni nitakachowaambia wazazi wao. Na pamoja na hofu yote hiyo nilijivunia, waziwazi, bila kuficha uso wangu. Nilifikiri hata tukifungiwa, angalau ukweli umesemwa ndani ya chuo hiki mara moja.

Mwenyekiti akahamisha kijiti kutoka upande mmoja wa mdomo hadi mwingine. Akakiachia kitambaa kishuke.

"Safi sana, binti," akasema. "Ubunifu mzuri." Akamgeukia mkurugenzi, akacheka, akampiga bega. "Na wewe una mizaha! Eti mtoto chini ya meza!" Mkurugenzi akachelewa kidogo, kisha naye akacheka, kwa sauti, na kufikia kicheko cha pili nadhani alikuwa ameshaamini kwamba kweli alitania. Mwenyekiti akauliza kama ile sehemu ya barabara ya kwenda Malindi iliyoliwa na maji inapitika kabla jua halijazama. Akaambiwa inapitika. Akawatazama wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa, na akasema kwa upande wake ameridhika, kozi itapata kibali, barua itafuata.

"Mheshimiwa," msichana akasema, "umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, mwanangu. Hongera."

Walikuwa wameshaelekea mlangoni. Mkurugenzi alitangulia kuwafungulia, akageuka akanionyesha dole gumba. Darasa likalipuka kwa furaha, watu wakakumbatiana, mmoja akapiga magoti kabisa. Sikuwalaumu. Ilikuwa miaka yao minne, na imerudi mikononi mwao. Mimi mwenyewe nilicheka nao, huku nikihisi mdomoni ladha mbaya, kama niliyelishwa kitu kilichochacha na kuambiwa nishukuru.

Nilimkuta msichana nje, kwenye bomba, anaosha grisi ambayo ilikuwa haipo. Alikuwa analia. Siku zote nilizomfundisha, hata programu ilipofutika yote na ikabidi aandike upya, sikuwahi kumwona akilia. Nikamwambia asilie, amepata, Mombasa inamngoja, wenzake wote wamepata kwa sababu yake. Akafunga bomba, akajipangusa uso kwa mkono wa koti la kuazima.

"Wangetukatalia, Mwalimu," alisema, "ningejua wamesikia."